Mama Sunim na Mbunge Aliyegeuka

Mama Sunim aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya kijiji cha Darimok, pale barabara inapoishia na mizabibu inapoanza. Jina lake hasa lilikuwa Pyeon Bongnye. Lakini tangu alipomzaa binti yake Sunim, watu walimwita Mama Sunim, na jina la Bongnye likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mumewe alikuwa amefariki. Sunim alikuwa mbali, mji wa bandari, katika kiwanda cha mashine za kufulia nguo. Alipiga simu Jumapili. Jumapili nyingine hakupiga.

Kila asubuhi Mama Sunim alipika wali kidogo, akala na kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa mtungini, na supu ya soya. Kisha alichukua mkasi wake akaenda kupogoa mizabibu. Majira ya baridi yalikuwa yanaisha, na huo ndio wakati wa kupogoa. Zamani walipogoa wawili. Yeye alikaa upande huu wa mstari, mumewe upande ule, wakawasengenya majirani katikati ya matawi. Sasa alimaliza upande mmoja, akazunguka, akaanza wa pili. Kuna siku zilipita bila yeye kufungua mdomo isipokuwa kwa kula.

Mchana alikwenda kwenye ukumbi wa kijiji. Sakafu yake ilipashwa moto, na wazee walikaa hapo wakicheza karata na kutazama televisheni. Si kwamba Mama Sunim alipenda karata. Alipenda kusikia watu wakikohoa.

Siku moja habari mbaya ilitoka kwenye televisheni hiyo. Bunge lilikuwa limepitisha mkataba wa biashara na nchi moja ya upande wa pili wa dunia. Huko zabibu huiva wakati huku kuna theluji. Sasa zabibu hizo zitaingia kwa ushuru mdogo, na bei yake itakuwa ndogo. Nchi hiyo nayo itanunua magari, simu na mashine kutoka viwanda vya huku.

"Lakini mbunge wetu amekataa," alisema mwenyekiti wa kijiji. "Chama chake chote kilikubaliana kukataa, na yeye mwenyewe aliapa pale sokoni."

Mtangazaji akaanza kusoma majina ya wabunge waliokwenda kinyume na chama chao wakaunga mkono mkataba. Jina la tatu lilikuwa Pyo Segyu, mbunge wao.

Karata zikasimama mikononi. Wa kwanza kusema alikuwa Ma Pilju, mzee mwenye shamba kubwa la zabibu na ulimi mkubwa zaidi.

"Huyo ametuuza," alisema. "Ametuuza kama mbwa wa sokoni. Akija hapa nitampaka mayai kichwani mpaka nzi wamjue."

"Mayai ya nini, Baba Yongtae?" mkewe akamwambia. "Kuku wenyewe hawatagi."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka kwamba wamekasirika. Walitukana hadi jua lilipoinama, kisha kila mtu akaenda kwake. Mama Sunim alikusanya karata zilizoachwa sakafuni. Alikuwa anakumbuka msiba wa mumewe. Pyo Segyu alikuja siku ile. Alikaa chini, akanywa supu pamoja na waombolezaji, akamshika mikono yote miwili akasema, "Mama, mimi ni mwanao. Zabibu zako ni zabibu zangu." Katika watu wote waliokuja, ni yeye aliyeishika mikono yake muda mrefu. Kwa hiyo hakuhisi ametapeliwa na mbunge. Alihisi ametapeliwa na ndugu.

Jumapili Sunim alipiga simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Leo tumekula nyama. Kiwanda kimetufanyia karamu. Ule mkataba umepita, mama. Walikuwa wapunguze watu, na jina langu lilitajwa. Sasa wanasema hawapunguzi, oda zinakuja."

Mama Sunim akatazama mizabibu dirishani.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Hufurahi?"

"Nafurahi," alisema Mama Sunim. "Vaa soksi nzito. Baridi bado haijaisha."

Alipoweka simu chini, nyumba ilikuwa kimya kuliko kawaida. Mkataba uliomnyima yeye bei ya zabibu ulikuwa umemwachia mtoto wake kazi. Angemwambia nani? Ukumbini walikuwa wakisema kwamba anayeunga mkono mkataba ule ni msaliti. Akaona bora asiende. Siku hiyo hakwenda, na kesho yake hakwenda. Watu walidhani anaumwa. Alikuwa mzima, ila aliogopa kufungua mdomo likatoka jina la binti yake.

Mtu aliyemfuata alikuwa Jo Hyangmi, mkulima wa kijiji cha jirani na katibu wa chama cha wanawake wakulima. Alikuja na kigari chake cha mizigo, akavua viatu mlangoni, akaingia bila kusubiri.

"Shangazi, mbona umejifungia kama kimchi ya mtungini?"

"Ninapumzika."

"Uchaguzi uko karibu. Utapiga kura?"

"Sitapiga. Wote ni wale wale. Wanakushika mikono leo, kesho wanakupa mgongo."

Hyangmi akajimiminia chai ya shayiri. "Na huyo Pyo atafurahi kusikia hivyo. Wewe uliyekasirika ukikaa nyumbani, anayebaki kwenye foleni ni nani? Ni rafiki zake."

Mama Sunim akatazama mikono yake. Halafu, kwa kuwa alikuwa hajazungumza na mtu kwa siku nyingi, maneno yakamtoka yote. Alieleza habari za Sunim, za kiwanda, za karamu ya nyama.

"Sasa niambie," alisema. "Mimi nina haki gani ya kukasirika? Mkono mmoja unalia, mwingine unapokea."

Hyangmi hakumcheka. "Shangazi, hilo si kosa lako. Mkataba kama huu una wanaopata na wanaopoteza. Mara nyingine wako nyumba moja. Ndiyo maana tuna mbunge. Kazi yake ni kuja kutuuliza, kupima, na kutueleza. Hata kugeuka anaweza kugeuka, na sheria haimkatazi. Lakini akigeuka, aje atuambie kwa nini. Na wanaopoteza aseme atawasaidiaje."

"Kwani sisi tunaweza kumuuliza?"

"Tunaweza, na ni lazima. Sikiliza. Kura ya mbunge bungeni inatangazwa kwa watu wote, kwa sababu si yake. Ni yetu, tumemshikisha tu. Kura yako wewe ni siri, kwa sababu ni yako. Mwenyekiti hawezi kuiona, mimi siwezi, hata Sunim hawezi. Siku ya soko wagombea wote wanakuja kwenye ukumbi wa ushirika. Tumeomba wakulima wapewe nafasi ya kuuliza. Njoo."

"Ma Pilju anakuja na mayai."

"Basi mayai yatamsaidia Pyo. Kesho yake magazeti yataandika mayai, hayataandika swali. Na ukimrushia mtu kitu au ukimtishia, polisi wanakuchukua wewe."

Siku chache baadaye kijana mmoja wa kampeni ya Pyo alipita kijijini. Aliwaalika wazee wapande basi waende hotelini kula nyama ya ng'ombe bure. Ma Pilju alikuwa wa kwanza kuvaa kofia.

"Twendeni tumlie nyama yake," alisema, "halafu tumnyime kura."

Mama Sunim alikuwa ametoka kununua chumvi. Akasimama katikati ya barabara. "Baba Yongtae, sheria inamshika anayelisha na anayekula pia. Nimeuliza. Faini yake itakuwa kubwa mara nyingi kuliko hiyo nyama."

"Nani kakwambia?"

"Hyangmi. Na nyama hiyo utaikohoa ukiwa unauliza swali. Utamkemeaje mtu na mafuta yake yako mdomoni?"

Ma Pilju akalitazama basi, akamtazama Mama Sunim, akavua kofia. Basi likaondoka tupu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mama Sunim kusema mbele za watu.

Siku ya soko ukumbi wa ushirika ulijaa. Wagombea watatu walikaa mbele. Pyo Segyu alikuwa amekonda. Alipoanza kusalimu, watu walipiga miguu sakafuni. Ma Pilju alikuwa na mfuko mapajani, na mkewe alikuwa ameukalia nusu yake.

Hyangmi alimpa Mama Sunim kipaza sauti. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

"Mimi ni Pyeon Bongnye wa Darimok," alisema. Watu wakageuka, maana wengi hawakulijua jina hilo. "Nina mizabibu. Mkataba ule utaniumiza. Pia nina binti kiwandani. Mkataba ule umemwokolea kazi."

Minong'ono ikapita ukumbini kama upepo kwenye mabua. Alihisi macho ya kijiji kizima mgongoni. Alijua kwamba huenda kesho hakuna atakayemsogezea nafasi kwenye sakafu ya moto. Akaendelea.

"Kwa hiyo sikuulizi kwa nini umesema ndiyo. Labda ndiyo ilikuwa na sababu. Nakuuliza hivi. Ulisimama sokoni ukaapa kusema hapana. Ulipobadilika, ulikuwa wapi? Barabara ya Darimok ilikuwa wazi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo kila siku. Na la pili, sisi tunaopoteza, kila mmoja wenu hapo mbele atatufanyia nini, na atakuja lini kutuambia?"

Pyo alisimama. Alianza kusema habari za nchi, za biashara, za viwanda. Kisha akaacha katikati.

"Niliona nchi itapata zaidi ya itakachopoteza," alisema polepole. "Hilo bado naliamini. Kwa nini sikuja... niliogopa, mama. Niliogopa kuja kwenu."

Mfuko wa Ma Pilju ulibaki umefungwa.

Mgombea wa pili alisema maneno mengi yasiyoshikika. Wa tatu, mwanamke aliyeitwa Ban Jinok, aliyekuwa wakili wa wilaya, hakuahidi kuuvunja mkataba. "Umeshapita, nikisema nitaurudisha nitawadanganya," alisema. "Nitadai fungu la kuwasaidia wanaobadilisha mazao. Na kabla ya kura yoyote ya namna hii nitakuja hapa kwanza, hata kama mtanifukuza."

Hyangmi alimwambia aseme tena, taratibu, mbele ya wote. Akasema tena.

Walipotoka nje, Mama Sunim alitembea peke yake hadi kituo cha basi. Ma Pilju alimfikia akihema.

"Mama Sunim, mbona hukutuambia mapema habari za binti yako?"

"Mngenifukuza."

Mzee akakuna shingo. "Yongtae wangu anaunda magari," alisema. "Nilidhani ni mimi tu." Wakasubiri basi pamoja.

Siku ya uchaguzi miti ya matunda ya pichi ilikuwa imechanua. Mama Sunim alipeleka kitambulisho chake, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa humo muda mrefu kuliko wengine. Pyo Segyu alishindwa kwa kura chache. Ban Jinok akaenda bungeni.

Nisiwafiche, bei ya zabibu ilishuka kweli mwaka ule. Mama Sunim aling'oa mistari ya chini ya shamba, na siku ile alilia kama mtu anayezika. Lakini fungu la wakulima lilipatikana, na yeye, Ma Pilju na wengine wakapata miche ya pichi na mtaalamu wa kuwafundisha. Kiangazi mbunge mpya alikuja, kama alivyosema, kabla ya kura juu ya mkataba mwingine. Alikaa chini ukumbini na wazee. Akawaambia kwamba moyo wake unaelekea kukubali, akawapa sababu. Walimkatalia mpaka chai ikapoa mara mbili. Aliondoka na masharti yao matatu, na mawili aliyapigania.

"Bado sikubaliani naye," alisema Ma Pilju. "Lakini safari hii nimegombana naye kabla, si baada."

Majira ya vuli, Sunim alichukua likizo akaja kuvuna. Walifanya kazi bila maneno mengi, maana walikuwa wamesahau namna ya kukaa pamoja, na siku zilipoanza kuwa tamu likizo ikaisha. Mama akamsindikiza kituoni na kikapu cha zabibu.

"Mama," Sunim aliuliza, "ulimpigia nani kura?"

"Hata baba yako nisingemwambia."

"Yule aliyeiokoa kazi yangu, au yule mwingine?"

"Panda basi, mwanangu. Utaachwa."

Basi likaondoka. Mama Sunim alisimama akilitazama mpaka likapotea nyuma ya kilima, na barabara ikawa tupu kama ilivyozoea kuwa. Angeweza kusimama hapo hadi jioni. Lakini mbunge alikuwa anafika ukumbini saa nane kuwaeleza kura aliyopiga juu ya ule mkataba mwingine. Mama Sunim akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaharakisha, maana alikuwa na swali, na hakutaka liulizwe na mtu mwingine.