Goti la Jeconia na Kamba ya Katani

Kila asubuhi Awiti alipika uji, akamwamsha mtoto wake Alice, kisha akampeleka mume wake chooni.

Mume huyo hakuwa mzee. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jina lake Jeconia, na shamba zima la katani nje ya Voi lilimjua. Alikuwa winga wa kulia wa timu ya shamba. Watu walisema Jeconia akipiga shuti, kuku wa stesheni huacha kutaga siku tatu. Walisema siku moja mpira wake ulipaa hadi mlima Sagalla, ukarudi kesho yake ukiwa na umande. Labda waliongeza chumvi kidogo. Lakini kuhusu mbio zake hawakudanganya.

Sasa mtu huyo wa mbio hakuweza kuchuchumaa. Choo cha kambi ya wafanyakazi kilikuwa shimo na mbao mbili, na goti lake la kulia lilikataa kukunjika. Awiti alimshika mkono mpaka mlangoni, akampa fimbo, akageuka kutazama mashamba ya makonge.

"Usicheke," Jeconia alisema kutoka ndani.

"Nani anacheka? Mimi nimekasirika."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Goti hilo lilikuwa limeumia mara nne. Mara ya kwanza lilijipinda mwaka wa 1954, kwenye mechi. Jeconia alipumzika siku tatu tu, akarudi kucheza. Likaumia tena. Mara ya tatu hakuna mtu aliyemgusa. Aligeuka tu, goti likamwacha, akaanguka. Mara ya nne ilikuwa Jumamosi iliyopita. Watu wa pembeni walisikia "ko!" kama kijiti kinachovunjika.

Na mara zote nne dawa ilikuwa ile ile. Fundi wake alikuwa Kituku, golikipa wa timu. Wanaume wawili waliuvuta mguu, mmoja huku, mmoja kule. Kituku akalikanda goti kwa maji moto ya chumvi mpaka Jeconia akalia. Kisha akalizungushia kamba kavu ya katani, akaimwagia maji.

Kila mfanyakazi wa katani anajua jambo hili: kamba hiyo ikilowa, hukaza. Ndivyo walivyofunga nguzo za nyumba zao. Ndivyo walivyofunga mizigo kwenye lori. Basi wakaona, kama inashika nguzo, itashindwa na goti?

Jumanne jioni Karani Donald alikuja nyumbani. Karani huyu ndiye aliyeisimamia timu. Hakuketi.

"Jeconia, Jumamosi ni fainali na timu ya Reli. Bwana Meneja amealika wageni. Utacheza."

"Karani, goti limevimba kama papai."

"Kituku atakufunga. Usisahau kwa nini unafanya kazi ghalani, kivulini. Ni kwa sababu ya mpira. Usipocheza, kisu cha kukatia makonge kinakungoja."

Awiti aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Karani, wewe umewahi kulitazama goti lenyewe?"

"Mama Alice, haya ni mambo ya wanaume."

"Ya wanaume! Jumamosi mnalipigia makofi. Jumapili linakuja kulala kwangu, na mimi ndiye ninayelipeleka chooni!"

Karani akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake Awiti aliwahi lori la katani linalokwenda stesheni. Alimpandisha mume wake juu ya marobota, akampakata Alice, wakaenda hospitali ya Voi.

Aliyewapokea alikuwa Dresa Gibson Mwandawiro, Mtaita wa Sagalla, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliitazama kamba. Akavigusa vidole vya mguu.

"Nani amefunga mzigo huu?"

"Ni golikipa wetu, daktari," Jeconia alijibu.

"Mimi si daktari, ni dresa, mfunga vidonda. Na hili si robota la kwenda Mombasa. Gusa vidole vyako. Vina baridi. Damu haipiti!"

Akaikata kamba kwa makasi. Alama zake zilibaki kwenye ngozi. Kisha akamwambia Jeconia anyooshe miguu yote miwili.

"Mama, tazama mapaja. Unaona nini?"

Awiti akashangaa. Paja la kulia lilikuwa jembamba, kama la mtu mwingine. "Limekonda!"

"Limekonda kwa sababu halifanyi kazi vizuri tangu aumie. Na msuli wa paja ndio unaolishika goti. Ukikonda, goti halina mlinzi. Ndiyo maana linamwacha hata asipoguswa." Dresa akavuta stuli. "Shika sikio lako. Hapo juu. Ni laini lakini lina nguvu, sivyo? Hiyo ni gegedu. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu kati ya mifupa. Kuna pia kano zinazoishika mifupa isiachane. Ukijipinda vibaya, kano huvutika, gegedu huchanika. Sasa ninyi mnavuta mguu uliokwisha kuvutika! Mnakanda kwa maji moto siku ile ile, uvimbe unazidi. Halafu mnamrudisha uwanjani baada ya siku tatu. Hata punda wa kubeba maji hapewi adhabu hiyo."

"Tufanye nini, basi?" Awiti aliuliza.

"Mtu akiumia goti, atoke uwanjani papo hapo. Msivute. Msikande. Chukueni kitambaa, mkiloweshe maji baridi, mkiweke juu ya goti kwa muda wa kupika ugali. Rudieni mara kadhaa kwa siku. Alale, mguu uinuliwe juu ya gunia. Fungeni kwa bendeji au kitambaa, si kamba. Vidole vikifa ganzi au vikipoa, legezeni. Akishindwa kukanyaga, au goti likikwama halinyooki, mleteni hapa siku hiyo hiyo."

Jeconia aliinamisha kichwa. "Nitacheza tena?"

"Sijui, na daktari pia hawezi kukuahidi. Atakutazama kesho. Lakini ukicheza Jumamosi, naweza kukuambia utakachopata. Fimbo."

"Bila mpira, bwana, narudi kukata makonge."

"Na kwa goti hili utayakata umelala?"

Walilala mjini kwa jamaa yao. Alhamisi daktari alilipima goti. Akasema gegedu imechanika na kano zimelegea. Apumzike, afanye mazoezi ya paja. Likianza kukwamakwama, atapelekwa Mombasa kupasuliwa. Akaandika cheti.

Waliporudi kambini, Karani Donald alikisoma cheti hicho, akakitia mfukoni. "Karatasi haifungi mabao," alisema.

Jumamosi aliwatuma watu wawili kumchukua Jeconia. Walimbeba kwenye kiti kama bwana arusi. Awiti aliwafuata nyuma mpaka ghalani, mahali wachezaji walipobadilishia nguo. Akaingia bila kubisha. Wachezaji walirukia suruali zao.

"Mama, toka! Tuko uchi!"

"Nimewahi kuona matako!" Awiti alisema. "Leo nataka kuona magoti."

Kituku alikuwa amechuchumaa nusu, mguu mmoja ameutupa mbele, kamba mkononi, ndoo pembeni. Awiti aliipiga ndoo teke. Maji yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya Karani.

Akawaeleza yote: gegedu, kano, paja lililokonda. Akamwambia Jeconia avue suruali ndefu. "Tazameni wenyewe! Huyu mlikuwa mkimwita treni ya abiria. Leo mnambeba kwa kiti ili akakimbie! Mnasikia mnachofanya? Kumbeba mtu ili akakimbie!"

Kisha Kituku akasema polepole, "Mimi mwenyewe sijapiga magoti kanisani miaka mitatu. Mchungaji anadhani nina kiburi."

"Lako pia?"

Kituku akaonyesha. Winga wa kushoto akaonyesha lake. Beki mmoja akaonyesha yote mawili. Watu sita kati ya kumi na mmoja walikuwa na alama za kamba.

Karani akapaza sauti. "Wageni wamefika! Meneja ameketi!"

Kituku akaitupa kamba. "Karani, Jeconia hachezi leo. Na akiondolewa ghalani kwa ajili hiyo, golini simama wewe."

"Na mimi sitoki," beki akasema.

"Wala mimi."

Karani alichungulia nje. Uwanja ulikuwa umejaa. Alitazama wachezaji, akatazama viatu vyake vilivyolowa. "Abaki ghalani," akasema. "Kazi yake ni ile ile. Haya, tokeni!"

Siku hiyo walifungwa matatu kwa sifuri. Kambi nzima ilimnunia Awiti wiki moja. Yeye hakujali. Alikuwa na kazi.

Kila asubuhi Jeconia alilala chali kitandani. Aliunyoosha mguu, akakaza paja, akauinua kidogo. Awiti alihesabu mpaka tano. "Shusha. Tena!" Baada ya mwezi mmoja dresa aliruhusu mfuko mdogo wa mchanga juu ya kifundo cha mguu. Baada ya miezi minne Jeconia alikwenda chooni peke yake, na Awiti akapiga vigelegele mpaka majirani wakauliza kama amezaa. Ndipo zikaja mbio za kunyooka. Kisha kukata kona taratibu. Mpira ulikuwa wa mwisho. Kituku naye alijiunga na mazoezi, na wachezaji wakapatana: hakuna kamba tena, na aliyeumia harudi mpaka dresa aseme.

Baada ya miezi kumi na mmoja dresa alisema, "Jaribu. Lakini goti likikuambia kitu, lisikilize."

Jeconia alicheza tena dhidi ya Reli. Aliwapita watu wawili, akafunga bao moja, uwanja ukavuma. Katika kipindi cha pili aligeuka, akasikia maumivu kidogo ndani ya goti. Akasimama. Akainua mkono. Akatoka kwa miguu yake, akaketi, akauweka mguu juu ya robota.

"Rudi!" Karani alipiga kelele. "Hakuna wa kuingia badala yako! Tuko kumi!"

"Basi chezeni kumi," Jeconia alisema.

Awiti alikuwa tayari na kitambaa chenye maji baridi. Reli wakasawazisha, kisha wakaongeza la pili. Mzee mmoja akamgeukia Awiti kwa hasira.

"Mume wako ametuponza, mama!"

"Ndiyo, amewaponza," Awiti alijibu, akikamua kitambaa. "Mechi ilikuwa yenu. Goti ni la kwetu."

Jumapili uvimbe ulikuwa mdogo. Jumatatu haukuwepo. Kengele ya kazi ilipolia, Jeconia alimbusu Alice kichwani, akatembea mpaka ghalani bila fimbo, akafika kabla ya Karani.