Kitabu Kilichokataa Rafu ya Uchawi

Stesheni ya Nakuru ilikuwa imefurika abiria wa treni ya Kisumu, mwaka wa 1955, Joash Makokha alipokanyaga buibui la Hadiya.

"Hayo ni macho au vifungo?" Hadiya alikuwa mshonaji.

"Macho, dada. Yamekuona wewe, yakasahau miguu."

Akacheka. Mwezi haukuisha, wakapendana.

Ndipo Hadiya akamwomba jambo. Marehemu babake, Mzee Miraji, aliandika kitabu cha Waswahili waliofika Nakuru kabla ya reli. Mzungu mmoja alikichukua, akakipa maktaba ya Wazungu. Hadiya hakuruhusiwa kuingia humo. Joash alikuwa karani humo, akibandika namba migongoni mwa vitabu; akitafute yeye.

Joash akapekua rafu za Historia. Akakuta wafalme wa Uingereza tu.

"Hakipo, mpenzi."

"Unamwogopa yule memsahibu mkuu wa maktaba! Usinitafute tena."

Kulikuwa na jambo Joash hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipofungua mlango, alikuta kitabu kile kile chembamba kimesimama kwenye Historia, peke yake, hewa ikiwa baridi, yenye harufu tamu asiyojua itokako. Ufunguo alikuwa nao yeye tu. Alisoma namba, kama alivyofundishwa, akakirudisha haraka namba ilikotaka: Uchawi wa Wenyeji, jirani na vitabu vya nyoka. Hakuthubutu kukifungua.

Siku moja simu ya maktaba ikalia. Hadiya, kutoka duka la nguo.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Baba aliandika kwa hati za Kiarabu. Karatasi zake alizifukiza udi."

Joash akageukia rafu ya Uchawi. Ile harufu ya kila asubuhi!

"Hadiya... nimekuwa nikimzika babako kila siku. Kwa mkono huu."

"Umemzika wapi?"

"Kwenye uchawi. Memsahibu hawezi kuisoma hati, akaiita uchawi. Nami nikafuata namba."

Hadiya akajibu polepole: "Mfukue."

Joash alibandua namba kwa kitambaa cha maji, akabandika ya Historia. Kesho yake kitabu hakikusogea hata kidogo. Memsahibu alikigundua saa nne. Saa tano Joash alikuwa barabarani.

"Sina kazi," akamwambia Hadiya dukani.

"Una kazi. Ijumaa uje kwa mjomba unipose. Atakuuliza dini."

"Aulize."

Siku ya harusi alifika mgeni ambaye hakualikwa: Kipkemboi, aliyechukua nafasi ya Joash maktabani. Macho mekundu, kifurushi kwapani.

"Memsahibu alikirudisha kitabu kwa nyoka," akasema. "Mchukueni mzee wenu. Siku tisa nimebishana na mzee huyu: namrudisha, anahamia Historia. Leo mzee mwenyewe alinitangulia kufungua mlango."

Nyumba nzima ikanuka udi. Hakuna aliyekuwa ameuwasha.