Diski Zisizosahau

Diski ilikuwa mpya, imetoka kufungwa skrubu asubuhi ile, haijawahi kuhifadhi kitu. Lakini Mama Diski alipoiunganisha na kompyuta ya majaribio, aliikuta imejaa. Akafungua kilichokuwamo. Akasikia sauti ya marehemu mama yake ikimwita aje kula, chakula kinapoa.

Alidhani mafundi wanamtania. Kisha akajaribu kuikumbuka sura ya mama yake. Haikuja.

Jina la Mama Diski alipewa na wafanyakazi, kwa kuwa kampuni ilizaliwa mikononi mwake. Yeye na mdogo wake wa kiume walianza kwa kukarabati diski mbovu za maofisi, katika chumba cha uani kwa baba yao. Baadaye wakaunda za kwao, zikawa zinakufa ovyo. Wateja walirudi wamefura, picha za harusi zimepotea, kazi za miaka zimepotea. Walipokuwa ukingoni mwa kufunga, mdogo mtu akasafiri, akarudi na kopo la unga mweusi.

"Changanya na rangi ya visahani vya ndani, dada," alimwambia. "Ni wa mtaalamu mmoja. Usiniulize zaidi."

Hakumuuliza. Alikuwa amembeba mgongoni yule, angemshuku vipi? Tangu hapo hakuna diski yao iliyopoteza kitu. Chumba cha uani kikawa kiwanda, na mdogo mtu akawa Mkurugenzi.

Sasa kila diski mpya ilikuja na chake, na harufu ya nywele zilizoungua. Moja ilikuwa na wimbo aliombembelezea bintiye. Nyingine ilikuwa na kicheko cha mumewe. Alichokisikia humo, kichwani kilikuwa kimeshafutika.

Bintiye, ambaye alikuwa nesi, alimpima kila kipimo, asione kitu. Mpaka siku mama alipomtazama akamuuliza kwa upole, "Nesi, binti yangu hajafika?" Hapo akaenda kumtafuta mganga.

Mganga, mama mmoja mnene asiye na haraka, alikuja mchana. Wakakaa wanne katika chumba cha majaribio: yeye, mama, binti na Mkurugenzi. Umeme ulikuwa umezimwa. Mganga alipoanza kusoma, diski moja ikaanza kuzunguka, kisha ya pili, kisha rafu nzima, na mvumo wao ukapanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili, na ile harufu ikawajaa puani hadi binti akajishika mdomo, na katikati ya mvumo huo ikatoka sauti, ndogo, tulivu, inayochagua maneno.

"Nilipewa."

"Na nani?" mganga alinong'ona.

"Na huyo aliyekaa mlangoni. Niliomba kichwa kimoja cha kula. Hakutaka kutoa chake."

Aliyekaa mlangoni ni Mkurugenzi. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Aliyemkabidhi dada yake ndiye anayeweza kumrudisha," mganga alimwambia. "Sema tu: namtoa dada yangu, naingia mimi."

"Dada," alisema taratibu, "watu wangapi wanakula kwa kiwanda hiki? Wewe mwenyewe ulisema lolote, mradi tupone."

"Niliposema tupone, nilidhani na mimi nimo."

Mkurugenzi akafungua mlango akatoka. Walisikia hatua zake zikipanda ngazi, hazikimbii.

Mganga alihangaika peke yake hadi kanga yake ikalowa jasho. Mwishowe mvumo ukakatika.

"Nimemfungia huyo mlaji asimguse mama tena," alisema. "Ila alichokwisha kula sina uwezo nacho. Na wakati anamtoka, amechota tena kichwani mwake."

Mezani, diski moja ilikuwa bado inazunguka. Ndani yake watoto wawili walikuwa wanakimbizana, na mvulana analia kwa kucheka, "Dada, nisubiri! Dada!" Binti akachomoa waya. Sauti iliendelea kidogo, kisha ikanyamaza.

Garini, mama alilia njia nzima ya kwenda getini.

"Unalia nini, mama?"

"Kuna mtu kanifanyia jambo baya sana." Alijishika kifua. "Linaniuma hapa. Lakini ni nani, mwanangu?"

Binti aligeuka kukitazama kiwanda. Kwenye dirisha la ghorofani mjomba wake alikuwa amesimama, ameinua mkono. Mama alimwona, akafuta machozi, akainua wa kwake kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mpita njia.