Karatasi Thelathini za Profesa Gabrieli

Harufu ya mvua ilianza Jumatatu moja ya mwezi wa nane, wakati Dodoma nzima haikuwa na wingu hata la kuazima. Anitha, mhadhiri msaidizi wa idara ya ualimu, alikuwa anafungua mlango wa ofisi ilipomjia puani, harufu ya udongo mkavu ulioloweshwa ghafla. Akachungulia nje. Vumbi lilizunguka uwanjani kama kawaida, na jua la saa nne lilishaanza kuuma.

"Daktari, unainusa?"

"Nanusa chai," alijibu Dakta Mudrick, akaendelea kunywa.

Harufu ilitoka stoo, zilimokaa karatasi za mitihani zimefungwa kwa kamba. Nyuma ya kufuli kurasa zilikuwa zikifunuliwa. Mmoja. Kisha mwingine. Taratibu, kama kuna mtu anasoma kwa makini. Anitha alijua papo hapo kwamba huyo si mwenzao, maana katika idara yao hapakuwa na msomaji.

Huo ni ukweli, wala si masengenyo. Wiki iliyotangulia chuo, kikisubiri wakaguzi, kiliwaagiza wahadhiri wapime wenyewe kama wanafunzi wao walijifunza kile walichoahidiwa. Kazi haikuwa mlima: chukua karatasi thelathini, zisome, mpe kila mwanafunzi alama, moja hadi nne, kwa mambo matatu ambayo mwalimu anapaswa kuyaweza. Kueleza somo mbele ya darasa. Kusoma maandishi na kuyachambua. Kumtambua kila mtoto aliyekabidhiwa.

"Thelathini?" alisema Profesa Gabrieli, mkuu wa idara. "Nani ana muda huo? Leteni orodha ya majina."

Wakajaza nne, tatu, nne, nne, huku wakitafuna karanga, na ripoti ikaisha kabla ya karanga. Dakta Mudrick akatia sahihi jambo la kwanza, Profesa la pili, Anitha la tatu. Mkono wa Anitha ulisita kidogo, lakini mkataba wake ulikuwa ukingoni na mtoto wake Ruthu alikuwa ameanza chekechea. Akasaini.

Orodha ile ilikuwa ya mwanzo wa mwaka, na namba kumi na saba ilikuwa Yotham Chilewa. Yotham alifariki mwezi wa tano, wiki tatu kabla ya mtihani. Profesa mwenyewe alisimama msibani kule Mkonze, akatoa leso, akasema chuo kimepoteza taa. Sasa taa iliyozimika aliipa nne kwa mambo yote matatu, wala hakukumbuka kwamba aliwahi kuililia.

Jumanne Dakta Mudrick aliingia darasani mbele ya wanafunzi mia mbili, akafungua mdomo, na somo halikutoka. Salamu ilitoka, kikohozi kilitoka, lakini kila alipotaka kueleza jambo, maneno yalimporomoka kama mchanga, na katika ukimya ule wanafunzi wa mbele wakasikia kurasa zikifunuliwa ukutani, mahali pasipo na kitabu.

Jumatano mchana Anitha alipita karibu na stoo. Chini ya mlango kulikuwa na kivuli cha miguu miwili.

"Mwalimu," sauti ilinong'ona, ya upole, kama ya mwanafunzi anayeomba ruhusa. "Mmeandika kwamba naweza. Hicho ninachoweza kiko wapi? Nipeni."

Anitha alikimbia hadi kwenye kivuli cha mwarobaini, akatoa simu ampigie mtu yeyote, na kwenye kioo cha simu akaona picha ya mtoto wa kike mwenye pengo anayecheka, akaitazama, akaendelea kuitazama, akijiuliza mtoto wa watu amefikaje kwenye simu yake, mpaka moyo ulipomshtuka ndipo akajua kwamba ni Ruthu, ni mwanawe aliyemzaa.

Siku hiyohiyo wakamleta Bi Amina, mama wa Kondoa anayeuza uwele sokoni Majengo na kutibu watu wenye majini. Alikuja na kanga yake yenye vumbi la nafaka. Hata ubani hakuuwasha. Alisikiliza mlango wa stoo, akanusa, akauliza mlifanya nini, na walipomweleza akacheka hadi akashika kiuno.

"Marehemu mwacheni, amelala kwao. Huyu ni jini. Amekuta jina halina mwenyewe, amelivaa. Na ninyi mmemwandikia kwamba anaweza, mkatia sahihi. Basi anadai. Kila mmoja atampa kile alichokisainia."

"Mfukuze, Bibi," alisema Anitha. "Nakuomba."

"Jini aliyevamia ninamfukuza. Huyu mmemwalika. Dawa yake ni moja. Zile karatasi zisomwe kweli, kila mmoja aandikiwe haki yake, na yule kijana aandikwe kwamba amekufa. Kisha ripoti ya uongo ichanwe."

Profesa akakohoa. "Hakuna njia nyingine? Mbuzi, kwa mfano? Hata wawili."

Bi Amina alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Nimetibu wachungaji wa ng'ombe wasiojua hata herufi moja. Sijawahi kuona mtu anatoa mbuzi wawili ili asisome."

Akaondoka bila kudai hata nauli.

Anitha akasoma. Alijifungia stoo Alhamisi asubuhi, na mgongoni kwake kitu kilikuwa kinapumua hewa yenye unyevu, na kila alipofunua ukurasa kitu kile nacho kilifunua wa kwake, lakini hakugeuka, alisoma karatasi ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, akaona vijana walioandika vizuri ambao hakuna aliyewahi kuwaambia, na wengine waliokuwa wakizama tangu mwaka wa kwanza bila mtu kuwanyooshea mkono, na machozi yakamtoka kwa aibu. Penye namba kumi na saba aliandika: *Hakufanya mtihani. Amefariki.* Pumzi ile ikakoma. Stoo ikarudi kunuka vumbi.

Saa saba alikuwa mbele ya Profesa na ripoti mpya. Profesa akaitoa ile ya zamani kabatini. Zote mbili zilikuwa kwenye bahasha za kaki, na Anitha, ili mtu asikosee, akaandika kwa kalamu nene juu ya moja YA WAKAGUZI, na juu ya nyingine YA KUCHANA.

"Niichane sasa hivi, Profesa?"

"Ripoti ya idara haichanwi na mhadhiri msaidizi. Nitaichana mwenyewe."

"Profesa, samahani. Wewe bado unasoma?"

Profesa aliinua gazeti lililokuwa mezani, akalishika mbele ya uso. "Binti, mimi ni profesa."

Gazeti lilikuwa juu chini. Anitha alikuwa ameshageuka kwenda zake, hakuliona.

Saa nane alifika chekechea ya Ruthu, mtaa wa Kikuyu. Simu ikalia, ilikuwa picha kwenye kundi la idara. Profesa Gabrieli ametabasamu, anawakabidhi wakaguzi bahasha ya kaki. Kwenye ndoo ya taka nyuma yake vimejaa vipande vya karatasi. Na juu ya bahasha ile, kwa mwandiko wa Anitha mwenyewe: YA KUCHANA.

Harufu ya mvua ikatanda getini.

Watoto wakatoka mbio, sweta za bluu, vichwa vilivyonyolewa, na Anitha akatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulikuwa na macho mawili na pua na mdomo na haukumwambia kitu, akageuka huku, akageuka kule, akiita jina ambalo hakujua amwite nani nalo, mpaka kiganja kidogo kilipoingia ndani ya mkono wake, baridi kama jiwe la kisimani.

"Mama, twende."

Akashusha pumzi. Wakashika njia, wamebanana, na mtoto akawa anatembea bila viatu vyake kutoa mlio.

Nyuma, getini, mtoto mmoja alibaki analia, "Mama! Mama, mimi huku! Mama!"

Anitha alimsikitikia. Masikini, alisema moyoni, mama gani huyo asiyemjua mwanawe.