Magharibi ya Mzee Adnani

Haya yalimpata rafiki yangu Swabra, kule Kismayo.

Ndugu zake wametawanyika, huyu Mombasa, yule Uholanzi, mwingine Marekani, naye kabaki peke yake na simu. Alipomzika mamake, akawakusanya kwenye kundi la WhatsApp wazungumze namna ya kurefusha maisha: vyakula, dawa mpya, utafiti wa madaktari. Akatangaza kwa mazoea ya kwetu: "Tukutane baada ya Magharibi." Akasahau kwamba jua humchwea kila mtu kwa wakati wake.

Basi akasali, akafungua simu ya kundi, akangoja. Hakuja mtu. Umeme nao ukakatika.

Giza liliposhika, ikaingia nambari isiyo na jina.

"Salamu alaikum," akaita Swabra kwa lahaja ya kwao, asikie kama yupo mtu. "Kuna mchu?"

Ikaanza adhana ya Magharibi, ingawa ya Kismayo ilikwisha kitambo. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye kukwaruza, naye akaitambua. Ni ya mzee Adnani, mwadhini wa Chula, kisiwa alikokulia, aliyezikwa Swabra akiwa mtoto.

Angekata simu. Lakini alikuwa na upweke, akaisikiliza mpaka mwisho.

Kesho yake nambari ile ikaingia tena, mapema kidogo. Siku iliyofuata, mapema zaidi. Kila jioni ikaisogelea Magharibi ya Kismayo.

Jana, jua lilipotua, Swabra aliizima simu kabisa akaifungia kabatini. Msikiti wa mtaani ukaadhini, na sauti iliyotoka kwenye kipaza ilikuwa ya mzee Adnani.