Vidonge vya Alhaji Jabiri

Hayat alikuwa ameshapasha maji ya kutawadhia ya babu yake pale Bibi Salma alipotoka chumbani akamwambia kwamba hayatahitajika. Babu Mwishehe alikuwa amefariki alfajiri ile, siku ya tisa tangu yeye na Bibi warudi Hija, na nyumba yao ya Boko ilikuwa bado inanukia udi wa kupokelea wageni.

Babu alianza kukohoa akiwa Madina. Aliporudi, majirani walimiminika kumpa mkono na kuombewa dua, na kila mmoja alipewa tende na fundo la zamzam. Alhaji Jabiri, aliyewaongoza katika safari, akaongeza lake: kila aliyekohoa alipewa vidonge viwili vya antibiotiki, vyekundu kwa vyeusi, kutoka katika boksi alilonunua Makka.

"Hivi si vya dukani kwenu," alisema. "Hivi vimetoka ardhi takatifu."

Na watu wazima wenye akili zao, mmoja wao mwalimu wa hesabu, wakapanua vinywa kama makinda. Jabiri alikuwa amehiji mara nne, na kila safari ilimwongezea jambo moja la kujifanya analijua. Babu alipotaka kwenda hospitali, alimcheka. "Mzee Mwishehe, kikohozi cha Hija ni dhambi zinatoka. Unataka kuzirudisha?"

Siku ya tatu ya matanga, Bibi Salma naye akawa anatetemeka na kuhema haraka haraka. Mama Najat, mama yake Hayat, hakungoja. Alimpeleka kituo cha afya, na Hayat akafuata. Jabiri naye akafuata, kanzu imepigwa pasi, bila kualikwa na mtu.

"Mgonjwa ametumia dawa gani?" aliuliza Daktari Revelian.

"Hajatumia kitu," Jabiri alidakia. "Asali na habasoda tu."

Bibi alikuwa amefumba macho, mbavu zikipanda na kushuka. Kumkanusha mtu wa rika la babu yake mbele za watu lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, daktari. Si kweli. Jana Alhaji alimpa vidonge viwili, na leo viwili. Vyekundu na vyeusi. Mie ndiye niliyemletea maji. Na Babu pia, mie ndiye niliyemletea."

"Mtoto huyu hana adabu!" Jabiri alifoka. "Mama Najat, nyie ndivyo mnavyolea?"

"Amesema kweli," Mama Najat alijibu. "Wewe Alhaji ndiye uliyedanganya, tena mbele ya mgonjwa. Tupishe."

Jabiri alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Hakumpata. Akatoka akirekebisha kofia, kana kwamba kofia ndiyo iliyokuwa na kosa.

Bibi alipimwa, akakutwa na nimonia. Akawekewa oksijeni na kuanzishiwa dawa nyingine. Jioni daktari alimwita Hayat kwenye benchi.

"Mahujaji hubanana kwa maelfu, wakaambukizana," alisema. "Kikohozi kingi chao huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Bibi yako anaihitaji kweli, lakini iliyochaguliwa baada ya vipimo, na ainywe mpaka dozi iishe. Viwili leo, viwili kesho, vinawafundisha bakteria kuishi na dawa."

"Na Babu? Angepona?"

"Sijui. Angeletwa mapema tungemhangaikia. Wewe ulileta maji kwa sababu mkubwa alikutuma, hilo si kosa lako. Lakini leo umesema ukweli, nami nimejua dawa ya kuanza nayo. Anayemficha daktari alichokunywa anamfunga macho kisha anamwambia amtibu. Usinyamaze kwa sababu anayedanganya ni mkubwa kwako."

Bibi Salma alirudi nyumbani baada ya siku sita, akamaliza dozi yake yote, Hayat akimhesabia vidonge.

Alhaji Jabiri anaandikisha mahujaji wa mwakani. Mpaka jana walikuwa kumi na wanane.