Bunduki Aliyoiruka Ipame

Jamani, wacheni viazi viive vyenyewe huko kwenye mawe, sogeeni hapa. Yaliyotokea kwa Ipame, yule mke wa Kandiwa wa ukoo wa Wailyamu, mmeyasikia nusu nusu, na wanaume wanayasimulia wanavyotaka wao. Sikilizeni yalivyokuwa.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na Ipame alikuwa anaita nguruwe wake kwa majina. Wanakuja mmoja mmoja, wananusa magoti yake, binti yake Lakeme anawagawia maganda ya viazi. Kahawa imeiva nyuma ya nyumba. Moyo wa Ipame ulikuwa umetulia kabisa, hadi alipomwona mumewe anakuja na kamba begani. Mtu hachukui kamba asubuhi kwenda kusalimia nguruwe.

Sasa Kandiwa mnamjua. Ndiye fundi wa magobore kwa upande wetu, anaunga mwenyewe kwa bomba la maji na mti wa shambani. Gobore lake lilikuwa linakwenda kwa nguruwe mmoja wa wastani, na mteja akilia shida, hata kwa kuku na tambuu. Lakini kwenye vita ya mwaka jana lilikwama mkononi mwake mbele ya kila mtu. Wasapande, maadui zetu ng'ambo ya kijito, walicheka mpaka wakasahau kupigana. Tangu siku hiyo wanamwita Baba Bomba. Akipita sokoni, watoto wao wanamuuliza kama leo maji yatatoka.

Ikamuuma. Akapata mtu wa barabarani mwenye bunduki ya kiwandani, ile ya kijeshi hasa, nayo bei yake ni nguruwe wanane wakubwa na pesa yote ya kahawa.

"Baba Lakeme," Ipame akamwambia, "aliyekufa kwa gobore na aliyekufa kwa hiyo yako ya kiwandani, nani kafa zaidi?"

"Mama Lakeme, mwanamke hajui thamani ya chuma."

"Ya nguruwe naijua. Huyu Mweupe nilimtafunia viazi nikamlisha kwa mdomo wangu, mama yake alipokufa. Wewe ulimtafunia nini?"

Kandiwa akafunga kamba tu. Na nyie mnajua, nguruwe analishwa na mwanamke, lakini siku ya kutolewa anakuwa wa mwanamume. Wakaondoka wanane, wanapiga kelele njia nzima. Ipame akabaki na watatu tu, wale aliokuwa amewaweka kwa kaka yake amfugie.

Basi bunduki ikaja. Kandiwa akawa haendi hata kuchimba mtaro bila hiyo. Jumapili baada ya kanisa anasimama nayo sokoni, anatoa risasi, anawaonyesha watu ilivyo nyembamba na ilivyochongoka, anasema bonde zima hakuna mwenye kama hii. Na kweli hakukuwa na mwingine. Hebu lishikeni hilo.

Kitu asichokijua ni kwamba gobore haliazimwi, kila mtu analo lake, lakini bunduki ya kiwandani ina ndugu wengi. Binamu yake Neakai akaja na sigara na maneno matamu, eti anaitaka ya kuwatishia Wasapande tu, walioingilia mpaka wake. Binamu ni binamu, utamnyimaje? Ipame akamwambia mumewe usitoe. Akatoa. Bunduki ikarudi jioni, na ng'ambo ya kijito vilio vikaanza. Kijana wa Kisapande ameuawa, hata ndevu hajaota.

Zamani, kwenye magobore, risasi zote zinafanana. Watu wanabishana miezi nani kapiga, mwisho ukoo mzima unalipa. Safari hii Wasapande waliitoa risasi mwilini, wakaiweka juu ya jani la mgomba na kuizungusha sokoni. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Na kwetu mwenye bunduki ndiye mwenye maiti, hata kama alikuwa amelala kwake.

Alfajiri wakaja. Mibuni yote ikakatwa chini, nyumba ikateketea. Ipame akamvuta Lakeme wakajificha kwenye mianzi, akawa anaangalia paa lake linavyoanguka. Hakulia. Alikuwa amekasirika mno.

Wiki ya mazungumzo ya fidia ya yule kijana ikafika. Wasapande upande huu wa uwanja, Wailyamu upande ule. Diwani Mokai wa ukoo wetu akasema tutalipa, lakini nyumba ya Kandiwa ianze, itoe nguruwe watatu waliobaki. Bunduki isiguswe, hiyo ni nguvu ya ukoo. Hapohapo mtu mmoja wa bonde la pili akasimama, akasema kama ni ya kuuza, yeye anatoa nguruwe kumi. Nyie, Kandiwa macho yakang'aa. Nyumba imeungua, bado macho yanang'aa.

"Unaona?" akamnong'oneza mkewe. "Imepanda bei."

Alikuwa ameilaza kwenye majani ili mteja aitazame vizuri. Ipame akasogea kama anayetaka kuitazama naye. Akainua sketi kidogo. Akairuka.

Uwanja mzima ukarudi nyuma. Kwetu mwanamke haruki upinde, haruki chakula, haruki miguu ya mwanamume aliyekaa. Silaha iliyorukwa na mwanamke imekufa, atakayeibeba anajibebea kifo chake. Yule mteja alikuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha taratibu, akaufuta kwenye suruali.

"Haya," Ipame akasema, "itajieni bei sasa."

Diwani akapaza sauti kwamba mwanamke huyu apigwe.

"Nipigeni. Itakuwa imerukwa vilevile. Nguruwe wangu watatu nawatoa kwa ajili ya yule kijana, maana naye kuna mtu alimtafunia viazi. Kwa ajili ya chuma hiki sitoi hata mkia."

Kandiwa akainua mkono. Kabla haujashuka, upande wa Wasapande mwanamke mmoja akanyanyuka, amejipaka udongo wa msiba uso mzima. Ni mama wa marehemu. Wanaume wakampisha. Akaja hadi katikati, akamtazama Ipame, akaitazama ile bunduki. Naye akairuka.

Mkono wa Kandiwa ukashuka wenyewe.

Malipo yalipokewa siku hiyo, pungufu ya yaliyodaiwa, na Wasapande hawakubisha. Mvua ikanyesha, watu wakatawanyika. Bunduki imebaki palepale kwenye majani, na hadi leo wanaume wanazunguka mbali wakipita uwanjani.

FUNZO

Ndugu zangu, msidanganyane kwamba gobore la nyumbani ni la mchezo na bunduki ya kiwandani ni ya heshima. Zote zinalishwa na nguruwe wetu na kahawa yetu, na ile ghali zaidi ndiyo inayomtaja mwenyewe kwa jina. Mwanamume akikuambia hujui thamani ya chuma, muulize thamani ya nyumba iliyoungua. Na nyie kina mama mnaosema hatuna la kufanya, wanaume ndio wenye uwanja: miguu mnayo.